Sura ya Nne: Umenisevu Nani?

Mwombe mama yeyote wa Dar es Salaam akuonyeshe majina yaliyomo kwenye simu yake, utaujua mtaa wake vizuri kuliko kwa ramani. Utamkuta Fundi Bomba. Utamkuta Boda wa Shule, Mangi Chini, Mama Maziwa, Dada Kusuka Sinza, Samaki Feri, Gesi, halafu Gesi Mpya, kwa sababu yule Gesi wa kwanza alikuwa hapokei simu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesajili biashara kwa jina hilo. Fundi Bomba ana jina alilopewa na wazazi wake, na pengine ana kadi za biashara alizochapisha kwa gharama. Lakini bomba likipasuka saa nne usiku, anayetafutwa ni Fundi Bomba, na herufi za kutafuta ni mbili tu: F, U.

Semina nyingi za kuuza mtandaoni huanzia kwingine. Huanza na ukurasa: fungua akaunti, tengeneza nembo, chagua rangi mbili, posti mara tatu kwa siku. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilipoingia kwenye kuuza viatu vya watoto vya mtumba, nikiwa Tabata, nilikaa karibu wiki nzima nikitafuta jina la ukurasa. Nikachagua la Kiingereza, refu, lenye maneno matatu, na nikamlipa kijana wa stesheneri anichoree nembo ya kiatu chenye mabawa. Miezi kadhaa baadaye mteja mmoja alipiga picha mazungumzo yetu ya WhatsApp akamtumia rafiki yake ili aone bei. Yule rafiki akanitumia mimi picha ileile, akiuliza kama kile kiatu chekundu bado kipo. Pale juu, linapokaa jina la mtu unayeongea naye, palikuwa pameandikwa: Dada Viatu Tabata.

Nililitazama jina lile kwa muda mrefu. Lilikuwa na heshima ndani yake, lilikuwa na bidhaa, lilikuwa na mahali. Yale maneno matatu ya Kiingereza hayakuwepo hata moja. Mteja alikuwa amefanya, kwa sekunde tano na bila malipo, kazi ambayo mimi nilishindwa kuifanya kwa wiki nzima.

Na si jambo geni. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi walichokiita Carrier Corps. Watu wa Dar es Salaam walilisikia jina hilo kwa masikio yao, wakalitamka kwa ulimi wao, na eneo ambalo kikosi kile kiliweka kambi likawa Kariakoo. Mombasa nako, kampuni ya Kaderdina Hajee Essak imeuza leso tangu mwishoni mwa karne ya 19, na pembeni mwa kila kipande huchapishwa maneno "Mali ya Abdulla". Wanawake wa pwani wamekuwa wakipindua pindo la kanga kutafuta maneno hayo kabla ya kutoa pesa. Wengi hawajui kirefu cha jina la kampuni. Wanamjua Abdulla.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mfanyabiashara mdogo anayetaka kuuza kwa simu halihusu idadi ya wafuasi alionao. Namuuliza: wateja wako wamekusevu nani? Watu kumi wakifungua simu zao sasa hivi, utatokea kwa jina gani, na je, utatokea kabisa?

Hili la kutokea lina maana yake ya kiufundi, na wauzaji wengi linawagharimu bila wao kujua. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, ikanunuliwa na Facebook mwaka 2014, na mwaka 2017 ikaleta stetasi, zile picha na video zinazokaa saa 24 kisha zikafutika. Tangu hapo stetasi imekuwa dirisha la duka la watu wasio na duka. Mama wa keki anaweka keki ya leo. Muuza vitenge anaweka doti mpya. Lakini stetasi yako haionekani na kila mwenye namba yako. Inaonekana na mtu ambaye wewe umemsevu na yeye amekusevu. Upande mmoja ukikosekana, dirisha limefungwa. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, ambayo kwa miaka imekuwa na ukomo wa watu 256, ina sharti hilohilo: mtu asiye na namba yako kwenye simu yake hapokei kitu, wala wewe huambiwi kwamba hakupokea.

Sasa fikiria mteja aliyekuona Instagram, akakuandikia, akanunua, akalipa, akapokea mzigo na akafurahi. Hakukusevu, kwa sababu hakuna aliyemwomba. Kesho unaweka mzigo mpya kwenye stetasi na unashangaa mbona wanaotazama ni walewale: shangazi, majirani, watu wa kwaya. Yule mteja aliyekwisha kukuamini kwa pesa yake hayumo. Mwaka 2016 Instagram nayo iliacha kupanga picha kwa kufuata saa zilipowekwa, ikaanza kuchagua yenyewe nani aone nini. Hivyo hata kule alikokukuta mara ya kwanza, huna hakika atakuona tena. Umemuuzia mara moja na umempoteza, na wote wawili mko mji mmoja.

Kuomba kusevwa kuna wakati wake. Usiombe mwanzoni, mtu akiwa bado anauliza bei; hapo hakujui. Omba pale mzigo unapofika mkononi na furaha bado ni ya moto. Mimi nilikuwa naandika hivi: "Asante mama. Nisevu Dada Viatu Tabata, mzigo mpya naufungua kila Jumatano jioni na picha zinaanzia stetasi." Katika sentensi hiyo kuna jina ninalotaka niitwe, kuna sababu ya kunisevu, na kuna siku. Siku ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Anayeposti ovyo kila saa anageuka kelele, na watu humnyamazisha. Anayejulikana kwa Jumatano jioni husubiriwa.

Upande wa pili, wewe nawe unamsevu nani? Hapa ndipo biashara ndogo inapoweza kumshinda tajiri mwenye duka la vioo Mlimani City. Mimi sikumsevu mteja kwa jina tupu. Niliandika: Mama Nuru, 26, Segerea, Machi. Yaani mtoto wake anavaa namba 26, anaishi Segerea, na alinunua mwezi wa tatu. Mguu wa mtoto haungoji. Ikifika Agosti najua ile 26 imeanza kubana, na nikipata kiatu kizuri cha namba 27 au 28 natafuta "26" kwenye simu yangu na majina yanajipanga yenyewe. Ujumbe wangu unakwenda kwa mama mmoja, juu ya mguu wa mtoto mmoja: "Habari za siku nyingi, kiatu cha bwana mdogo kinamtosha bado?" Mama huyo hajioni anauziwa. Anajiona anakumbukwa, na kweli anakumbukwa.

Fundi cherehani anaweza kusevu vipimo. Muuza dawa za mifugo anaweza kusevu idadi ya ng'ombe na mwezi wa chanjo. Anayeuza gesi akiandika tarehe ya mtungi wa mwisho, baada ya miezi mitatu atajua nyumba ile inamaliza kwa siku ngapi, na atapiga simu siku mbili kabla moto haujazimika jikoni. WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, ina lebo za kubandika kwa kila mteja, majibu yaliyoandaliwa tayari, saa za kazi na, tangu mwaka 2019, katalogi ya bidhaa. Itumie. Lakini hata simu ya kawaida yenye majina yaliyoandikwa kwa akili inatosha kuanzia.

Niingie kwenye jambo ambalo nimebishania na wenzangu kwa miaka: bei.

"Bei njoo inbox." Pitia kurasa mia za nguo, vipodozi na vyombo vya nyumbani, utayakuta maneno haya matatu kila mahali. Naamini yamefukuza wateja wengi kuliko bei kubwa ilivyowahi kuwafukuza. Hata hivyo wanaoyaandika si wajinga, na sababu zao zinastahili kusikilizwa. Wa kwanza anasema: nikiweka bei, jirani yangu anayechukua mzigo kwa jumla palepale ninapochukua mimi atapunguza shilingi 1,000 na kunimaliza. Wa pili anasema: biashara yetu ni ya maongezi. Pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, muuzaji anakutazama kwanza, anatazama mkoba wako, anasikiliza unavyoongea, ndipo bei inazaliwa. Kuiandika ni kumkata muuzaji mikono. Wa tatu anasema: watu wakiandika wengi kuuliza bei, mtandao unaona ukurasa una uhai na unausukuma mbele.

Huyu wa kwanza namjibu kwamba jirani yako anaijua bei yako tayari. Amejifanya mteja, amekuja inbox, umemtajia. Uliyemficha ni mteja peke yake. Wa tatu naye nampa ukweli mdogo, maana mazungumzo husaidia ukurasa kweli, lakini mwenye nyumba halipwi kodi kwa maoni ya watu.

Wa pili ndiye mwenye hoja, na hoja yake inatoka ndani kabisa mwa utamaduni wetu. Mapatano ya bei ni mazungumzo, na kwenye mazungumzo watu hujuana. Lakini tazama yanavyokwenda uso kwa uso. Sokoni mteja anaweza kushika kitu, kukitazama, kukirudisha taratibu na kusema "nazunguka, nitarudi." Wote wawili wanajua hatarudi, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Lugha yetu imempa mlango wa kutokea. Inbox haina mlango huo. Ukishauliza bei, jina lako lipo pale, picha yako ipo pale, na muuzaji anaona umesoma. Kukaa kimya kunaonekana kama dharau. Kusema "sina uwezo" kunaumiza. Hivyo mwenye shilingi 15,000 mkononi, anayetamani kiatu na hajui kama ni cha 12,000 au 40,000, hafanyi lolote. Haulizi. Anapita. Kama ungeandika 12,000, angekuwa mteja wako kabla ya kulala.

Na usiku ndio wakati wenyewe. Mama amemaliza kazi, watoto wamelala, kifurushi kimebaki kidogo, anapitisha kidole kwenye picha. Tamaa ya kununua huja hapo na haikai sana. Akiuliza saa tano usiku, nawe ukajibu saa tatu asubuhi, utamkuta kwenye daladala akiwaza ada. Bei iliyoandikwa inajibu ukiwa umelala.

Nilipoanza kuandika bei, ujumbe ulipungua na nikaogopa. Nusura nirudi nyuma. Kisha nikagundua kwamba aina ya maswali imebadilika. Zamani siku yangu ilijaa "Bei?" moja baada ya nyingine, na nyingi ziliishia hapo nilipojibu. Sasa walikuwa wachache, lakini waliuliza "namba 27 ipo?" na "mpaka Kinyerezi boda ni shilingi ngapi?" Hao ni watu waliokwisha kuamua. Maongezi hayakufa, yalihamia kwenye pea mbili, kwenye nauli ya boda, kwenye kuwekewa mzigo mpaka mshahara utoke. Kwa kazi za kupimwa, kama gauni la harusi, mapambo ya ukumbi au keki ya ghorofa, bei moja haiwezekani. Hapo andika "kuanzia" na tarakimu ya kweli, ya kazi ambayo umewahi kuifanya kwa bei hiyo.

Baada ya bei inakuja hofu. Tanzania nzima inaujua ule ujumbe wa matapeli: ile hela tuma kwenye namba hii. Umekuwa msemo, watoto wanautania shuleni. Lakini nyuma ya utani huo kuna watu waliotuma kweli, na kila mteja anayekuja kwako amebeba kumbukumbu hiyo, yake au ya ndugu yake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo kutuma pesa kumekuwa kwepesi kuliko kuirudisha. Mnunuzi anaogopa kulipa kabla ya kuona. Muuzaji anaogopa kutuma kabla ya kulipwa. Biashara yote ya mtandaoni kwetu inafanyika katikati ya hofu hizi mbili, na anayezipunguza ndiye anayeuza.

Na hapa jina linarudi tena. Mteja akiandika namba ya kulipia, kabla hajaweka namba ya siri, simu humwonyesha jina la anayelipwa. Mwanzoni nilikuwa napokelea pesa kwenye laini ya kaka yangu. Mteja amekuwa akiongea na Dada Viatu, mwanamke, mwenye sauti ya mama, kisha simu inamwambia analipa mwanaume asiyemjua. Mmoja aliniandikia neno moja tu, "Samahani," na sikumwona tena. Nilimlaumu kwa siku mbili. Baadaye nikaelewa kwamba alifanya kile ambacho ningemshauri mama yangu afanye. Nikachukua Lipa Namba kwa jina la biashara. Kama bado huna, basi mwambie mteja mapema, kabla hajauliza: "Jina litakalotokea ni fulani, ndilo langu la kitambulisho." Akiliona linafanana na ulilosema, bega linashuka.

Nawe muuzaji ujilinde. Wapo wanaotuma ujumbe uliotengenezwa ukafanana na ule wa mtandao wa simu, wenye kiasi, kumbukumbu namba na kila kitu, kisha wanaharakisha: boda yupo nje, ana haraka, mpe mzigo. Usiutazame ujumbe. Tazama salio. Mteja wa kweli atakusubiri dakika mbili uangalie.

Kuhusu nani atangulie, kulipa au kutuma, nimejaribu njia zote. Ndani ya mji, mteja mpya alipie boda kwanza na mzigo akiushika. Pesa ya boda ni ndogo, haimtishi, lakini inatosha kumchuja mtu anayeagiza kwa kujifurahisha. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na nyumba nyingi sasa zina namba mlangoni, ila dereva wa boda bado anataka pini ya ramani na alama anayoijua: baada ya msikiti, geti la bluu. Omba vyote viwili.

Kwa wa mbali mambo ni mengine. "Tunatuma mikoani" ni sentensi ndogo iliyobeba ahadi kubwa. Mteja yuko Mbeya au Mwanza, analipa yote kabla, na kinachomhakikishia ni wewe tu. Mzigo unaupeleka kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, unaandikisha, unalipia. Fanya hivi: piga picha ya boksi kabla halijafungwa, likiwa na vitu vyake, piga tena likiwa limefungwa na jina limeandikwa, piga risiti ya basi yenye namba ya gari na simu ya wakala wa upande wa pili. Zitume zote tatu kabla hujaondoka kituoni. Halafu kesho yake, wewe ndiye uulize kama umefika. Usingoje aulize. Mteja wa Mbeya aliyeulizwa hivyo anaonyesha mazungumzo hayo ofisi nzima.

Novemba 2019 Jumia, kampuni ya kuuza mtandaoni iliyokuwa na matawi katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania. Wauzaji wa stetasi hawakufunga. Kilichowabakiza, kwa maoni yangu, ni kwamba mnunuzi wetu anataka kuongea na mtu. Anataka kutuma sauti ya dakika moja akieleza harusi ni ya nani na rangi ni ipi. Usiione sauti hiyo kama usumbufu. Isikilize mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake kuna saizi, tarehe, uwezo wa mfuko na jina la dada yake ambaye naye atahitaji sare.

Picha nitazisemea kwa kifupi, kwa sababu zimesemwa sana. Toa kitu mlangoni, mwanga wa asubuhi, weka juu ya kitambaa cha rangi moja, futa kioo cha kamera. Piga na kasoro. Mtumba una kasoro, na ukiionyesha mwenyewe, kwa kidole, mteja anaamini sehemu iliyobaki. Picha za kuchota kwenye kurasa za Wachina zinapendeza, lakini mteja akipokea kitu tofauti ameandika jina jipya kwenye simu yake: Tapeli.

Matangazo ya kulipia, yale watu wanayoyaita kusponsa, yana nafasi yake, na nimeona watu wakipoteza mtaji humo. Nafasi ya tangazo kwenye Facebook na Instagram inauzwa kwa mnada unaofanyika kila mtu anapofungua simu, na mshindi si lazima awe mwenye pesa nyingi. Mtandao unapima pia kama mtazamaji ataonyesha hamu. Tangazo baya unalilipia ghali. Kwa hiyo usisponsi kitu ambacho hakijawahi kupendwa bure. Subiri picha moja iliyoleta maswali yenyewe, iwekee pesa ndogo kwa siku tatu, na mlengwa asiwe Tanzania yote. Kama boda wako anafika Tabata, Segerea, Ukonga na Buguruni, basi dunia yako ni hiyo. Lielekeze tangazo lifungue WhatsApp moja kwa moja, ili kila shilingi iishie kwenye mazungumzo na mazungumzo yaishie kwenye namba iliyosevwa. TikTok inaweza kumfikisha mtu asiye na mfuasi hata mmoja mbele ya maelfu kwa video moja, na ni vizuri kujaribu. Ila jiulize maelfu hao wako wapi, na mzigo utawafikiaje. Wafuasi wa kununua usiwaguse. Hawana miguu ya kuvaa viatu.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Kwetu ilikuwa jioni, saa za mauzo. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu wa Tanzania, mitandao kadhaa ilikuwa haifunguki mpaka kwa VPN. Uganda, Januari 2021, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na Facebook ikaendelea kufungiwa muda mrefu baadaye. Muuza duka wa Kampala aliyekuwa na wateja wake wote ndani ya ukurasa mmoja alibaki na rafu zilizojaa na mkono mtupu. Ukurasa ni kiwanja cha kupanga. Jenga juu yake, lakini godoro lako liwe la kubebeka.

Kwangu godoro hilo lilikuwa daftari la kaunta buku lenye jalada jeusi. Kila Jumapili nilinakili humo namba mpya za wiki, kwa kalamu, na ile saizi ya mguu pembeni. Na kwa kuwa ni taarifa za watu, nililifungia kabatini. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria kulikuwa na adabu: namba niliyopewa kwa ajili ya kiatu sikumpa muuza bima, na sikumwingiza mtu kwenye kundi bila kumuuliza.

Kisha nilichoka. Wiki tatu, nne, nikaacha kunakili, nikijiambia simu inatunza. Jioni moja kwenye foleni ya Buguruni, dirisha la daladala likiwa wazi, mkono uliingia ukatoka na simu. Laini niliirudisha kesho yake, namba ileile. Lakini simu mpya ilikuwa tupu, kwa maana sikuwa nimeweka nakala popote. Wateja walikuwa bado wamenisevu; mimi sikuwa nimemsevu yeyote. Niliweka stetasi na hakuna aliyeiona.

Niliketi sakafuni na daftari, nikaanza kurudisha majina ya zamani moja moja. Ya wiki zile za uvivu hayakuwemo, na nilijua ni zaidi ya thelathini. Siku ya tatu, Jumatano, saa moja jioni, simu ililia. Ilikuwa namba isiyo na jina. "Dada Viatu, mbona leo kimya? Mzigo haujafunguliwa?" Nusu saa baadaye ikaja nyingine. Kisha sauti ya mama mmoja, nyuma yake mtoto analia, akisema amengoja mpaka amechoka. Hawakuwa wote, lakini mpaka kufikia saa tatu usiku walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja nilimweleza yaliyonikuta, nikamwomba radhi, nikafungua ukurasa mpya wa daftari, na kabla ya kutuma picha yoyote nikamuuliza: "Nikusevu nani, mama? Na mtoto sasa anavaa namba ngapi?"